Asiyezaliwa na Chaki Mkononi

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, nami nimeshastaafu na wajukuu wananiita Bibi Mwalimu. Nilikuwa mgeni katika chuo kimoja cha ufundi karibu na mtaa wa Buxton, kwetu pwani, binti wa Majengo niliyepata shahada juzi juzi, nikifundisha hesabu za uhandisi. Tuliitwa mkutanoni, na mkuu wa idara yetu, msomi hodari lakini mkali kama pilipili, akatutangazia wote kwamba Mutua hataongezewa mkataba.

Mutua alikuwa mhadhiri kijana aliyetoka Ukambani, mpole, muungwana, anayeijua kazi ya ujenzi ndani na nje. Ila wanafunzi wake walikuwa wakianguka mtihani kila mwaka. Naye alikuwa amekaa pale pale tunapoongea, ameinamia viatu vyake.

Nikauliza, "Mkuu, yuko aliyewahi kuingia darasani mwake akaona tatizo liko wapi?"

"Hapa si chekechea," akanijibu. "Mhadhiri hafundishwi kufundisha. Mwenye kipawa anacho, asiyekuwa nacho aende zake."

Maneno yale yalinichoma. Mimi sijapata kumwona mwashi aliyezaliwa na mwiko mkononi, wala mpishi aliyetoka tumboni akijua kupika pilau. Kwa nini basi mwalimu peke yake atakiwe kuzaliwa na chaki? Nikasimama. "Kinyozi hajinyoi, Mkuu. Mutua akikubali, mimi nitakwenda kuketi darasani mwake nitazame."

Akasema hakuna mhadhiri mwenye ruhusa ya kuingia darasa la mwenzake, na akanikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba bado niko katika majaribio ya kazi. Sikuketi mpaka alipomaliza.

Tulipotoka nje, Bi Salma akanishika mkono. Huyu alikuwa mhadhiri mkongwe kuliko sote, mtu wa Mji wa Kale, asiyepoteza maneno. "Rukia," akaniambia, "wewe wataka kumsaidia Mutua, ama wataka kumshinda mkuu?"

"Nataka yote mawili, Bi Salma."

"Basi anza na la kwanza. Mwite Mutua aje akutazame wewe kabla hujamtazama yeye. Humvui mwenzio nguo nawe umevaa joho."

Lilikuwa karipio, mwanangu, na lilinifaa kuliko shahada yangu. Nilimwomba Mutua, akaja, akaketi nyuma somo zima. Baadaye tukaenda kunywa chai katika mkahawa mmoja wa Mwembe Tayari, naye akawa anazunguka zunguka kwa maneno kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. Nikamwambia aseme, asinionee haya.

"Dada Rukia, unaongea na safu ya mbele tu. Wa nyuma hukuwatazama kabisa. Na ukiuliza swali, unajijibu mwenyewe."

Nyani haoni kundule. Iliniuma, sikufichi, lakini kesho yake nilianza somo nikiwa nimesimama katikati ya madawati.

Kisha zamu yangu ya kumtazama yeye ikafika. Mutua aliligeuzia darasa mgongo, akaujaza ubao, akageuka kuuliza, "Mmeelewa?" Wote wakaitika ndiyo kwa sauti moja, akafuta ubao, akaujaza tena. Hakuna aliyekuwa ameelewa. Nilipomweleza, kule kule mkahawani, akawa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo," akasema. "Hakuna aliyenionyesha njia nyingine."

Fikiri, mwanangu. Mtu alikuwa anafukuzwa kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyemfunza.

Mkuu aliniita ofisini. "Nilikukataza."

"Ulinikataza, nami niliingia. Wiki ijayo nitaingia tena, na Bi Salma atakuja pamoja nami."

Akatunyima chumba cha mikutano. Tukahamia sebuleni kwa Bi Salma, Mji wa Kale, kila Jumamosi baada ya alasiri, kwa kahawa tungu na visheti. Wenzetu wengine wakaanza kuja, mmoja mmoja, kwanza kwa kunyata, halafu kwa wazi. Kila mmoja alikuwa na jeraha lake la darasani ambalo hakuwahi kulisema.

Siku moja Mutua aliegemea kiti akatazama dari, mahali boriti za mikoko zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Akauliza kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba vile. Bi Salma akamjibu kwamba boriti ina urefu wake. Ukiilazimisha kuvuka mbali zaidi, yapinda. Mutua akacheka peke yake. "Hilo ndilo somo langu la muhula mzima," akasema.

Aliwaleta wanafunzi wake kuiona dari ile. Kisha darasani akaweka ubao mrefu wa kujengea juu ya matofali, akawataka wakisie utapinda kiasi gani mtu akiukalia, na kila mmoja amweleze jirani yake sababu. Nilikuwepo. Lilizuka bishano la kupendeza, na msichana mmoja ambaye hakuwahi kufungua kinywa alimwambia mwenzake, "Usibishe. Ukalie uone."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mpaka bishano likaisha, akaondoka.

Mkataba wa Mutua ulipokwisha, uliongezwa, akabaki chuoni. Si kwamba wanafunzi wake wote walifaulu, la, lakini waliofaulu waliongezeka, na walioanguka walijua walipoangukia. Mimi nilicheleweshwa kuthibitishwa kazini kuliko wote nilioajiriwa nao, na sikuelezwa kwa nini. Sikwenda kubembeleza. Mkuu yule hakutusifu mpaka anaondoka, nasi hatukumngojea.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayeanza kufundisha vyuoni. Mwache mwenzio aingie akuone unavyofundisha, na uwe wa kwanza kumwita. Ukimwona anayumba, mwambie kweli mkiwa wawili, na mbele za watu mtetee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hujengwa kwa miaka ya watoto wa watu. Mkinyimwa chumba, kutaneni sebuleni. Na akija mtu, awe na cheo gani, kukwambia kuwa ualimu ni kipawa na si kazi ya kujifunza, mkatalie. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie, hata kama itakugharimu.

Mola akupe moyo usiotetereka na rafiki asiyekuficha kweli, na awajaalie wanafunzi wako wakupite wewe. Amin.