Paka Aliyekataa Kula Mbele ya Mama

Kulisha paka wa nje wakati wa baridi si kazi ngumu, na yeyote anaweza. Chakula kipashe moto, kiweke kwenye bakuli nene, kisha uwahi, maana huku Toronto nyama huganda upesi. Boksi lao la kulala lijaze mabua ya ngano, si blanketi. Blanketi hunyonya unyevu likakakamaa kama ubao. Mlango uwe mdogo, wa kupita paka tu. Hayo yote nilimweleza mama alipokuja kutoka Tanga kukaa nami mtaa wa Weston, mwanzoni mwa miaka ya 2010, naye akayashika mara moja. Kilichomshinda ni kimoja: kuondoka akishaweka bakuli.

Nyuma ya jengo letu walikuwapo paka watatu. Wawili hawakuwa na haya. Wa tatu, jike wa kijivu aliyekatwa ncha ya sikio, alama ya paka aliyekwisha kufungwa uzazi, alikuwa mwoga na amekonda. Redio ilikuwa imetangaza baridi kali zaidi, na paka mwenye njaa hushindwa kujitia joto. Nikawa na wasiwasi naye.

Mama akatoka na bakuli, koti langu likiburuzika chini, nami nyuma yake. Akaliweka bakuli, akasimama palepale.

"Karibu, bibie. Kula, usione haya."

Paka akachungulia kutoka chini ya gari, asisogee.

"Mama, ingia ndani. Anakuogopa."

"Nimwache mgeni ale peke yake? Ndivyo nilivyokulea?"

"Huyu si mgeni, ni paka."

"Na paka hana heshima yake? Hebu rudi ndani weye, hiyo kofia yako ndiyo inayomtisha."

Nilirudi, na paka hakula. Kesho yake ikawa vilevile. Mama aliingia na bakuli, akaigonga ile nyama kwa kucha, ikalia kama jiwe. Safari hii hakunitania.

Tulipokuwa tukipasha nyingine nilimweleza taratibu kwamba paka wa namna hii humwona mtu aliyesimama karibu kuwa hatari. Ukitaka kumkirimu, mpe nafasi. Mama akakoroga nyama. Kisha akaipeleka nje, akarudi bila kuambiwa, akazima taa ya jikoni na kuvuta kiti dirishani.

"Nipe na mimi kisahani changu cha muhogo," akasema.

Nikampa. Tukangoja. Yule wa kijivu akatoka chini ya gari, theluji ikimgusa tumbo, akatazama huku na huku, akainamisha kichwa bakulini. Mama akamega muhogo.

"Bismillahi," akanong'ona, naye akaanza kula.

Walikula hivyo, kila mmoja upande wake wa kioo, mama akitafuna polepole ili asimtangulie kumaliza. Paka alipolamba bakuli mpaka chini, mama akanigeukia.

"Umekaa tu? Pasha nyingine. Mwenzangu hajashiba."