Keki Mbili za Baukje

Baukje aligawa barua kwa baiskeli miaka thelathini na miwili katika nchi tambarare ya Friesland, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba barua yake ilipelekwa kwa jirani. Alipostaafu, umakini wake wote akauhamishia kwa ndege. Kila majira ya baridi, Jumamosi ya katikati ya kila mwezi, alisimama juu ya tuta la kusini la kuzuia maji akihesabu bata bukini na shakwe, naye Hidde, mfugaji mstaafu, akihesabu kwenye tuta la kaskazini. Walikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, wakigombana kwa raha zao.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Baukje alimwona tai mwenye mkia mweupe. Bukini elfu mbili waliinuka kwa mpigo, na juu yao likapita dude lenye mabawa mapana kama mlango wa zizi, likatokomea kwenye miti mirefu ya mipopla ya kaskazini. Akapiga mbiu kwenye kikundi cha simu cha wapenda ndege. Watu kumi na mmoja wakaacha supu zao za njegere, wakaja mbio. Hidde mwenyewe aliwapokea, akawapeleka hadi kwenye uzio wa mbali, akawaonyesha mwewe wa kawaida aliyejikunyata juu ya nguzo.

"Ndiye tai wako huyu, bibie?" akauliza, na watu wakacheka.

Desturi ya kikundi ni kwamba anayewaita watu bure huleta keki. Baukje akaleta, ile yenye sukari ya rangi ya waridi juu. Baada ya wiki mbili akamwona tai tena, akaita tena, akaleta keki ya pili.

Safari hii Hidde hakucheka. Alimvuta pembeni akamshauri kwa upole akapime macho. Macho yakapimwa, yakakutwa mazima, na hapo ndipo mama wa watu alipochanganyikiwa kweli. Kama si macho, basi ni kichwa. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo: alimwona ng'ombe jikoni, akamkaribisha kahawa. Sasa Baukje akifunga mlango alirudi kuutazama. Akimwona shakwe alijiuliza kama kweli ni shakwe. Akaenda kwa daktari bila kumwambia mtu, akaambiwa achore saa, kipimo cha watu wanaopoteza kumbukumbu. Kwa hofu, namba nane ikaangukia nje ya duara.

Jumamosi ya kuhesabu ya mwezi wa pili alikuwa ameshaamua. Mtu asiyejua alichokiona hana haki ya kuhesabu. Akatia mfukoni kidude chake cha kubonyeza cha kuhesabia, kila mbonyezo bukini kumi, akaendesha baiskeli hadi tuta la kaskazini ili amkabidhi Hidde.

Darubini ya Hidde ilisimama peke yake kwa miguu yake mitatu. Mwenyewe alikuwa mbali nyuma ya kichaka, amewapa walimwengu mgongo, anakojoa. Baukje akainama kuchungulia, kwa mazoea tu. Darubini haikuwaelekea bukini. Ilielekea juu kwenye mipopla, na humo tai alikuwa akipachika kijiti kwenye rundo la vijiti. Wa pili akasogea kumpisha, mkia wake mweupe pe.

Baukje akafumba macho. Akataja siku, akataja jina la mama yake, akahesabu kwa sauti moja hadi kumi na nne. Akachungulia tena. Bado walikuwapo wote wawili.

Hidde alirudi akifunga zipu, akamkuta ameinamia darubini, akasimama.

"Umewaona," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Sikia, Baukje, ikijulikana kwamba wanajenga kiota, watu watajazana hapa na makamera yao mpaka wahame. Na wewe na siri, mwenyewe unajijua. Ningekwambia asubuhi, mchana kijiji kizima kingekuwa hapa."

Ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ulimuuma. Hakujua acheke, alie, au amtwange Hidde kwa darubini yake.

"Si ungecheka tu msimu ukiisha," Hidde akaendelea. "Keki mbili nazo ni kitu?"

"Nimechorishwa saa, Hidde. Kwa daktari wa kichwa."

Baukje akapanda baiskeli na kidude chake mfukoni, akarudi kwenye tuta la kusini. Alihesabu hadi jioni, na kila kumi aliihesabu mara mbili.