Mita Kumi na Mbili za Kamba

"Kamba ya elfu ishirini na nne, Papa Nestor. Baba aliinunua Mbarara, mita moja kwa elfu moja, na mimi nilikuwepo nikihesabu. Naitaka yote."

"Yote ndiyo hiyo umeshika."

"Hii ni nusu."

"Nusu nyingine iko na kazi," alisema, akaendelea kumenya muhogo wake kama mtu aliyemjibu kuku.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja nilijua vizuri kwamba mtoto hamgombezi mtu mzima mlangoni kwake, mke wake akisikiliza. Nilijua, ila hasira ilikuwa imefika pale kabla yangu. Nyuma ya nyumba niliiona hiyo kazi yenyewe: mtamba mwekundu kutoka kijiji cha Masha, shingoni ana kamba yetu ya nailoni ya buluu, imekatwa kwa panga na nyuzi zimechanuka kama ufagio.

"Umeikata."

"Mwanangu, ng'ombe hasafiri mita ishirini na nne," alisema Papa Nestor, na mke wake akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nikaondoka na nusu yangu begani bila kuaga.

Ile kamba ilikuwa ya mashua. Baba yangu ametoka Fizi, Kongo, pembeni ya Ziwa Tanganyika, na pale Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, alilima maharagwe kama kila mtu, lakini mikono yake haikukubali jembe peke yake. Kwa misimu miwili ya kiangazi alichonga, akapigilia mbao, akashona tanga kutokana na shitingi, lile turubai la plastiki tulilopewa ya kuezekea nyumba. Watu walimcheka. Ziwa lenyewe la Nakivale limejaa mafunjo na viboko, wewe unaleta tanga? Wakaacha kucheka walipoona magunia yao yanavuka maji kwa saa moja badala ya kuzungushwa nusu siku kwa baiskeli. Mashua ile ndogo ilikuwa sabuni yetu, chumvi yetu na daftari zangu. Hatukuwa na nyingine na hatukuwa na mbao za kutengeneza nyingine.

Juma lile Baba alikwenda Mbarara, kule hospitali ya Ruharo, kupasuliwa jicho. Asubuhi ya kuondoka wanaume walimsaidia kuiburuta mashua hadi juu ya mchanga, na papo hapo Papa Nestor, jirani yetu Mrundi, akaomba kamba akalete mtamba wake. Kesho yake angeirudisha. Baba hakujua kumnyima jirani kitu. Akaniambia mimi: "Mapendo, kamba ikirudi, laza mlingoti, funga pua, funga na nyuma. Koko atakusaidia."

Koko ni mama mzazi wa Baba. Huyu ndiye aliyekuwa na neno lake kuhusu kufunga mashua, na alikuwa amelitoa kwa mama yake, na mama yake kwa wavuvi wa kwao. Kabla ya kufunga, unachovya ncha ya kamba majini, halafu unasema kwa sauti kila kitu kichungu ulicho nacho ndani siku hiyo. Ukimaliza ndipo unafunga.

"Mashua inasikia mukono," alikuwa akisema. "Ukiifunga na mukono wa hasira inafikiri umeifukuza. Na mutu ukimufukuza, atabakia?"

Na mlingoti pia. Mashua iliyoachwa na mlingoti wima, kwa Koko, ilikuwa ni mtu amesimama mlangoni na mzigo kichwani: anangoja tu kuondoka.

Mchungaji wetu hakuzipenda habari hizo. Koko alimwimbia Mungu Jumapili na kuongea na mashua Jumatatu, na hakuona ugomvi wowote kati ya hizo siku mbili. Mimi niliona ni mambo ya wazee. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo nilijua kila kitu.

Basi nikafika ufukweni na mita zangu kumi na mbili. Baba alikuwa amepigilia vigingi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kamba nzima ingezunguka vyote na kubaki. Nusu ilitosha pua tu. Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani kuchukua kamba ya kuanikia nguo. Mimi sikutaka kamba nyingine. Nilitaka yetu. Nikaifunga pua kwa kigingi huku nikimtukana Papa Nestor kimoyomoyo, nikazungusha mara moja tu, nikavuta, nikaipiga mashua teke, kidole kikauma hadi machozi. Mlingoti nikauacha umesimama. Kuulaza kunahitaji watu wawili, na mtu wa pili alikuwa Koko, na Koko angeniuliza habari za moyo wangu.

Aliniuliza hata hivyo. Alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe, anachambua.

"Umefunga na roho gani?"

"Roho nyeupe."

"Na mulingoti?"

"Nimeulaza."

Akanitazama kidogo. "Muzuri," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Upepo ulikuja mchana wa siku iliyofuata, kutoka upande wa milima, na mvua nyuma yake. Shitingi ya nyumba yetu ilipiga kama ngoma, tukaishika kwa mikono, Koko pembe moja, mimi pembe nyingine. Kila ilipopiga niliuona ule mlingoti. Mvua ilipokatika Koko alifunga kikwembe chake vizuri kiunoni akasema twende.

Kigingi kilikuwa palepale. Kamba ililala juu yake, nzima, haijakatika hata uzi mmoja. Fundo lilikuwa limefunguka tu. Kuanzia hapo hadi majini kulikuwa na mfereji mchangani, umenyooka, kama mashua ilikuwa imeshuka yenyewe kwa miguu yake.

Nilimwambia Koko pale pale, nimesimama, bila kulia: nilifunga na hasira, sikulaza mlingoti, na nimekudanganya mara mbili.

Nilingoja kofi. Koko aliangalia maji.

"Sasa umesimama unangojea nini? Twende tuichukue."

Mwanamke wa miaka ile, magoti yake yanalia kila akiinuka. Tulifuata ukingo wa ziwa, tukizama hadi vifundoni, tukiuliza kila tuliyemkuta. Kwenye mwalo wa tatu, pale mitumbwi inapopandishwa, tulimkuta mvuvi mmoja Mnyankore, mwenyeji wa pale, anachota maji kuyatoa kwenye mtumbwi wake.

"Boti ya tanga? Iko pale, ndani ya mafunjo. Lakini nyabo, mama yangu, pale iko kiboko na mtoto yake. Nyinyi ngoja kesho."

"Kiboko yeye ana mutoto," alisema Koko, "na miye niko na mutoto. Atanisikia."

Mvuvi alicheka hadi akakaa. Lakini alitupeleka. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka mbali, akangoja wale wanyama wahamie upande wa pili, Koko akinung'unika wakati wote kwamba kule Fizi watu hawaogopi hivyo. Mashua tuliikuta imelalia ubavu kati ya mafunjo. Mlingoti ulikuwa umevunjika katikati na ubao mmoja wa mbele umepasuka. Tanga lilikuwepo. Niliingia majini hadi kifuani kuisukuma itoke, na kama kiboko alikuwepo sikumkumbuka.

Mvuvi aliivuta hadi kwetu kwa mtumbwi wake, akasaidia kuipandisha. Alikataa malipo. Alisema ametosheka na maneno ya mama mzee, atayapeleka nyumbani.

Nikachukua kamba nifunge.

"Kwanza ichovye," akasema Koko.

Nikachovya.

"Sema."

Nikasema nina hasira na Papa Nestor kwa sababu amekata kitu si chake. "Bado," akasema. Nina hasira na mke wake aliyecheka. Bado. Nina hasira na Baba anayewapa watu vitu kisha ananiachia mimi kuvidai. Nilishtuka kulisikia hilo likitoka mdomoni mwangu. Bado. Nina hasira na jicho la Baba. Kama halitapona, nani atasafiri na mashua? Hapo sauti yangu ilianza kukatika. Koko hakunishika, hakunibembeleza. Bado. Nina hasira na wewe na mambo yako ya mashua kusikia mkono. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea chenji sahihi. Mwishoni nikakosa la kusema, nikabaki napumua tu.

"Eh. Sasa funga."

Nilizungusha mara tatu. Mikono yangu ilikuwa polepole na niliona kila mzunguko unapokaa. Nyuma ya mashua hapakuwa na kamba. Koko alivua kikwembe chake, akakisokota, akaniambia nifunge nacho. Alirudi nyumbani na jupo, sketi yake ya ndani, mbele ya watu wote wa mwaloni, kichwa juu.

Baba alirudi siku ya nne, jicho moja limefungwa bandeji. Tulimwambia yote, bila kupunguza. Alisema mlingoti ni mti, miti iko. Kisha, kwa kuwa hakuona vizuri, alipapasa fundo kwa vidole muda mrefu.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

Tangu siku hiyo hakuna aliyefunga mashua ile zaidi yangu.

Leo nina kibanda Mbarara, nauza kamba, shitingi na magunia. Hakuna aliyenifundisha darasani; mafundo nimejifunza kwa vidole na kwa kukosea. Najua kwa nini mashua ilikwenda. Kamba fupi, mzunguko mmoja badala ya mitatu, mlingoti wima unaokamata upepo, na mfereji mchangani ni uzito wa mbao ukiburutwa. Mteja akiniuliza nitamweleza hivyo. Lakini mimi mwenyewe bado sifungi kitu na hasira, na nikiwa nayo naisema kwanza, mbele ya yule aliyenikasirisha. Watu wananiita mkali. Sawa. Koko alifariki bila mtu yeyote kumdai neno, na mimi nataka kufa hivyo.

Mwezi uliopita mdogo wangu alimaliza mashua yake, pale pale Nakivale. Nilimletea kamba ya buluu, mita ishirini na nne, niliyoipima mwenyewe. Mlingoti tuliulaza wawili. Wakaniambia nifunge. Kati ya waliokuja kutazama alikuwepo Papa Nestor, sasa mzee wa fimbo, mwenye ng'ombe sita, wote wametoka kwenye ule mtamba.

"Muangalieni huyu," aliwaambia watu. "Alikuwa mudogo hivi, akafunga mashua na hasira, ikakimbia."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Nikachovya ncha ya kamba majini. Nikatafuta ndani kilichobaki. Kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa kimepungua.

"Papa Nestor," nikasema, "hasira yangu niliilipa siku ile ile, mimi na Koko, ndani ya matope. Wewe bado una nusu ya kamba yetu."

Papa Nestor alicheka peke yake kidogo, kisha akaacha.

"Mama, si nitakupa hiyo elfu kumi na mbili?"

"Sitaki pesa. Mita kumi na mbili za kamba, ya buluu, isiyokatwa. Niletee hapa. Nimesimama, na sifungi mpaka uilete."