Sikumfyonya Mwalimu

Juzi nilimpeleka mama kula rameni, zile tambi za supu za Kijapani. Usicheke, rafiki yangu. Nilipanda ndege kutoka Riyadh mpaka Jeddah kwa kazi hiyo tu, kwa sababu mama alikuwa amemaliza Umra yake na amebakiwa na siku mbili kabla ya kurudi Tanga, na mimi siku hizi ni mtu wa kupanda ndege ninapotaka. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Nina diploma ya upishi na usimamizi wa jiko, nimeitundika sebuleni ndani ya fremu. Ninasimamia jiko kubwa kule Al-Sulay linalowalisha wafanyakazi wa maghala, na kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, kimeandikwa cheo, si kazi za ndani kama iliyokuwa ya mama. Hakuna kafili, yaani tajiri mdhamini, aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Kwa hiyo nilitaka mama ale mahali ambapo wenye nchi wenyewe wanapanga foleni.

Na foleni tuliikuta. Tulipewa kidude cha kutetemeka zamu ikifika, tukakaa nje kwenye benchi na familia za watu mpaka mama akaanza kuvua viatu. Tulipoingia, harufu ilitupokea mlangoni: mifupa iliyochemka kutwa nzima, tangawizi, vitunguu vilivyoungua kidogo, mafuta ya ufuta. Mhudumu alikuwa Mkenya wa makamo, mwenye kitambi na furaha. Aliposikia Kiswahili chetu alisahau meza nyingine zote.

"Karibuni watu wa nyumbani! Mum, hapa tambi unavuta na sauti, sawa? Usione haya. Chef akisikia anajua ameweza."

Mama alikuwa amegeuka kuutazama ukumbi. Kila meza, wazee kwa vijana, wameinamia mabakuli: fyoo, fyooo, fyoo. Akanishika mkono akaninong'oneza, "Mwanangu, mbona wanafyonyana hivi? Kuna ugomvi humu?"

Mkenya alicheka mpaka akaegemea kiti. Mimi sikucheka. Mara nikawa na umri wa miaka saba, nimekaa mkekani Karantina, nataka kulia na sitaki kuonekana nalia.

Sijui kama umewahi kuiona Karantina, ule mtaa wetu wa Jeddah. Tuliishi chumba kimoja, mimi na bibi, mama yake mama, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Dirisha lilizibwa na mashine ya baridi iliyokuwa inatoa kelele nyingi kuliko baridi. Chini barabarani wanawake wa Kihausa walipanga karanga na ubani, na wauza gesi waligonga mitungi kwa spana kutangaza biashara. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba moja mtaa wa Aziziya na kulala huko huko. Tulikuwa tunampata Ijumaa tu, baada ya sala mpaka saa kumi, gari la madam linapokuja kumchukua.

Ndiyo maana Ijumaa ilikuwa sikukuu. Bibi alianza supu tangu alfajiri. Mifupa ilitoka kwa mchinjaji Myemeni aliyempa bure; yeye alimwita bibi "hajati", na bibi alimwombea dua. Kazi yangu ilikuwa kutwanga pilipili manga na kuengua povu, na ole wangu niache povu lizame. Mwishoni zilitiwa tambi. Bibi alizifunga ndani ya kanga, akazivunja juu ya goti, krak krak, mpaka zikawa fupi kama njiti za kiberiti. Ukimuuliza sababu anasema tambi ndefu zinamfanya mtu ale kama anafukuzwa na jawazati. Jawazati ndio askari wa karatasi, na pale kwetu walitajwa kuliko majini.

Sisi hatukuwa na karatasi, mimi na bibi. Bibi alikuja kwa Umra akabaki. Mimi nilizaliwa hapa hapa, na shule ya serikali isingenipokea. Lakini mtaani kulikuwa na mwalimu, mama mmoja wa Unguja, aliyewafundisha watoto wa aina yangu chumbani kwake: kusoma, kuandika, hesabu, dini. Watoto kumi na wawili, hazidi hata mmoja, kwa sababu chumba hakikuweza. Mwaka ule mtoto mmoja aliondoka, nafasi ikawa wazi, na bibi akamwalika mwalimu chakula cha Ijumaa aje anione.

Wiki nzima nilifundishwa. Nikae vipi, nisalimie vipi, mikono niiweke wapi. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, mpaka usingizini. Nilikuwa naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshajua kusoma majina ya maduka, Kiarabu na Kiingereza, bila kufundishwa na mtu, na hilo unaweza kumuuliza yeyote wa mtaa ule aliye hai.

Siku ilipofika, mama alikuja na makaroni marefu kutoka jikoni kwa madam, pakiti nzima. Bibi akakataa kuyavunja. Alisema ya mgeni hayavunjwi. Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwekewa bakuli lenye tambi ndefu kama kamba za viatu.

Mwalimu alikaa kwenye mto, amenyooka, miwani puani. Nilimwamkia vizuri. Nilimsomea sura niliyoambiwa. Akatikisa kichwa mara mbili, na bibi akanitazama kwa jicho la kusema tumeshaingia. Kisha mwalimu, kijiko kikiwa hewani, akaanza kutoa nasaha. "Mimi kwangu jambo la kwanza ni adabu," alisema. "Mtoto wa kike lazima ajue kunyamaza mkubwa anaposema."

Na wakati huo huo tambi moja ilikuwa inaning'inia kidevuni mwangu. Niliogopa isije ikadondoka mkekani mbele ya mgeni. Nikaivuta.

Fyoooo.

Wewe ni Mswahili, unajua. Kumfyonya mtu mzima ni kumtukana bila kufungua mdomo. Mwalimu aliweka kijiko chini polepole.

"Umenifyonya?"

Sasa sikiliza balaa lililonipata. Meno yangu ya mbele mawili ya juu yalikuwa yameng'oka mwezi ule, na herufi ya "z" ilikuwa imeondoka nayo. Niliinuka kujitetea kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kusema, hapana mwalimu, nimefyonza, nimefyonza tambi. Kilichotoka mdomoni ni, "Nimefyonya! Nimefyonya!"

"Haya," mwalimu akamwambia bibi. "Mwenyewe kakiri, tena kwa kurudia."

Bibi alinipiga kofi ambalo halikuniuma mwili. Akaniambia nimwombe mwalimu radhi, nishike miguu yake. Mama naye akanivuta pembeni, akanibembeleza: sema tu samahani, mwanangu, sema yaishe. Nikakataa. Ningeombaje radhi kwa kosa ambalo sikulifanya? Nilisimama ukutani na mikono nyuma, nikasema sikufanya, nikasema tena, na kila nikisema mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma ya uongo ya watu wanaojua kila kitu. Alimaliza supu yake, nakuhakikishia, bakuli zima. Kisha akajifunga buibui, akasema mtoto huyu anahitaji mkono mzito, na nafasi akapewa mtoto wa jirani ambaye alikuwa hajui hata kuhesabu vidole vyake.

Haikupita muda nikapelekwa Tanga kwa shangazi, kwa kuwa Jeddah hapakuwa na mahali pengine pa kunisomesha. Nilisoma kwa kibatari, nikafaulu. Niliuza maandazi nikajilipia chuo. Nikapata diploma yangu kwa daraja la juu, nikarudi Saudia kwa mlango wa mbele na viza ya kazi. Hayo yote niliyafanya mwenyewe. Lakini bibi sikumwona tena. Alifia Jeddah, akazikwa Jeddah, na mimi niko darasani Tanga.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, rafiki yangu, wakati mama anapigana na vijiti vya kulia. Aliviacha, akachukua uma, akajaribu kuvuta tambi kimya kimya. Haikuwezekana. Fyoo. Akajishika mdomo kama msichana, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Nilijua, unajua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukumfyonya mwalimu. Nilikaa ubavuni mwako. Niliiona tambi ikiingia."

Niliweka vijiti chini. Mkenya alikuwa anakuja na birika la chai, akatutazama nyuso, akageuka na birika lake.

"Mama. Uliona, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nimwambie mwalimu mwongo, mbele ya mama yangu, na watoto wote wa mtaa wanamtegemea yeye? Na gari linakuja saa kumi. Nilikuwa nimebakiwa na saa moja tu na wewe. Nikadhani ukiomba radhi, tutakula kwa amani."

"Na baadaye? Bibi hukumwambia hata baadaye?"

Alizungusha uma ndani ya bakuli. "Nilidhani amesahau," akasema. "Na wewe nilidhani umesahau. Umesoma, umefika, una diploma. Tambi moja tu, mwanangu."

Mama yangu mzazi. Sikumjibu vibaya, kwa sababu mimi ni mtu wa adabu, na nilikuwa hivyo tangu nina miaka saba. Nilimwita Mkenya nikaagiza yai jingine kwa bakuli la mama, maana lile lililokuja juu ya tambi alikuwa amelipenda. Lakini nimekasirika mpaka leo ninapoandika, na sioni aibu kusema.

Tulipotoka nilimwambia dereva atupitishe Karantina. Duka la magodoro halipo. Jengo halipo, wala lililofuata. Pamebaki kiwanja cha mchanga chenye alama za matairi na ukuta wa mabati. Mama alitaka nisimamishe gari tuteremke. Nikamwambia dereva, yalla, twende.

Tukiwa njiani nilimweleza mama jambo ambalo halijui, kwa kuwa yeye alikuwa Aziziya. Kila mwezi bibi alikwenda kwenye duka la simu akanipigia Tanga. Aliuliza kama nimekula, kama nimefaulu, kama kichwa kinaniuma. Nami nilimtajia alama zangu zote, moja moja. Na kila mara, kabla ya kukata, alipunguza sauti ili watu wa dukani wasisikie, akasema, "Na adabu, mjukuu wangu. Nakuombea adabu." Miaka mingi hiyo, hakuruka hata mwezi mmoja. Alikufa ananiombea kitu nilichokuwa nacho.