Mama wa Velo Katika Ukungu wa Mushaki

Muuguzi wa kituo cha afya alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha ya damu, akakipampu, akasikiliza, kisha akapampu tena kama mtu asiyeamini masikio yake.

"Mama, tansiyo yako iko juu sana. Uko unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nauza maziwa sokoni Mushaki.

"Unayabeba weye mwenyewe?"

Zamani ndiyo, nikamjibu. Siku hizi yanabebwa na pikipiki, nami nakaa juu ya pikipiki hiyohiyo, nimebanwa na mabidoo ya maziwa.

"Na ukifika?"

"Nakaa."

"Na ukimaliza kuuza?"

"Napanda pikipiki, narudi."

Alinitazama kwa huruma. "Sasa Mama, hiyo damu itatembea saa ngapi?"

Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu alisema kweli. Kutembea kwa miguu sikutaka. Nimetembea milima ya Masisi tangu utoto, na sikuona sababu ya kuirudia bila mzigo, kama mtu aliyepoteza kitu. Lakini ghalani kulikuwa na velo, baiskeli ya mume wangu, imetundikwa ukutani, ile aliyokuwa akija nayo kwetu wakati wa uchumba akijifanya mtu wa mjini. Niliishusha, nikaifuta vumbi, nikamwambia anifundishe.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipoona mimi sicheki, akaishika velo.

Tulijifunzia kwenye malisho, asubuhi, baada ya kukamua. Yeye alishika kiti, mimi nikakanyaga. Ng'ombe wetu, ambao hata lori likikwama barabarani hawainui kichwa, waliacha majani wakasimama kunitazama. Nilianguka upande wa kulia, nikaanguka upande wa kushoto, na mara moja nikaanguka penye mavi mabichi, nikashukuru, maana palikuwa laini kuliko kwingine. Siku mume wangu alipoachia kiti bila kuniambia, nilikwenda mpaka kwenye uzio, nikapiga kelele za furaha, nikaugonga uzio.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke mwembamba, ulimi wake una makali kuliko panga la kukatia majani, na tangu baba mkwe afariki anaishi nasi na anatawala kila kitu chenye kwato.

"Muke wa muntu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "mama wa batoto, anatawanya miguu juu ya chuma. Nani atakuya kununua maziwa kwetu?"

Jumapili iliyofuata shemasi wa kanisa letu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alihubiri juu ya wanawake waliosahau kutembea kama wanawake. Hakutaja mtu. Haikuwa lazima, benchi zote ziligeuka kunitazama. Mkewe, aliyekaa mbele yangu, ndiye peke yake ambaye hakugeuka.

Wote walikubaliana jambo moja: mvua zikianza, nitaacha. Mume wangu alisema mvua ya kwanza itanirudisha jikoni. Mama mkwe alisema baridi itanifundisha adabu. Kwetu juu, majira ya mvua yakikaza, asubuhi inakuwa ya ukungu mzito, huoni hata mkono wako, na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Kama wangekaa kimya, labda ningeacha kweli. Lakini baada ya maneno yale yote, ningeachaje?

Nilijitengenezea mavazi. Suruali ya mume wangu chini ya kikwembe nilichojifunga kiunoni. Bote za mpira. Juu ya vyote, kipande cha shitingi nyeupe, plastiki ile ya kufunikia paa, nilichokitoboa tundu la kichwa na kukishona kofia. Kilinifunika mimi na nusu ya velo. Kichwani, chini ya ile kofia ya plastiki, nilifunga torche ambayo kaka yangu aliniletea kutoka Rubaya, kama zile wanazovaa wachimbaji. Breki ya mbele ilikuwa imechoka. Ukiibana, ilisimamisha kidogo na kulia sana.

Nilitoka kila asubuhi kabla jua halijatokea, isipokuwa Jumapili. Nilipanda mpaka juu ya kilima, nikavuta pumzi, nikateremka hadi karibu na soko, nikarudi maziwa yakiwa tayari kupakiwa. Wiki za kwanza, kwenye mpando, pale njia inapopanda kilima, niliikokota velo zaidi ya nilivyoikanyaga. Kisha siku moja nikafika juu bila kushuka, nikapigia makofi ukungu.

Habari ya muzimu niliisikia sokoni, kutoka kwa mama anayeuza viazi karibu yangu.

"Dada, umesikia? Iko kitu kinapita kwa barabara asubui. Cheupe. Hakina miguu, kinateleza tu. Kichwa kinawaka moto ndani."

Nilikuwa napima maziwa. Nikaendelea kupima.

"Kinasema nini?"

"Kinalia kama mutoto mwenye kunyimwa titi."

Nikamkabidhi mteja kikombe chake. Nilijua kwamba huo ndio wakati wa kusema, "Dada, ni mimi." Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiuliza: "Kiko na mapembe?"

Mama wa viazi alifikiri. "Sikuangalia muzuri."

Kufikia siku ya soko kubwa, muzimu ulikuwa na pembe mbili. Mteja mmoja aliapa kwamba ulimfukuza mpaka kwenye shamba la maharage. Mwingine alisema ulimwita kwa jina la ubatizo. Mimi nilikuwa napima maziwa na kusema "Ee Mungu wangu," na nyakati nyingine, biashara ikipoa, nilichangia kitu kidogo, mkia kwa mfano.

Nyumbani mama mkwe alinifuata jikoni. "Unasikia? Acha hiyo velo. Utakutana na muzimu, na mutoto wangu atabaki mujane." Lakini nilisikia kwa majirani kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiusimulia kuliko wote, na kila mara aliongeza kwamba muzimu unapenda kusimama kwenye kona ya malisho yetu, pale penye mikaratusi. Nilishangaa, maana pale sipiti kabisa.

Basi shemasi akaamua kuushughulikia. Alikusanya watu wa maombi, wakakubaliana kukutana chini ya mteremko, alfajiri, waufukuze kwa nguvu ya nyimbo. Mimi hawakuniambia. Walisema mama wa velo hafai kwa kazi ya kiroho.

Asubuhi hiyo nilikuwa juu ya kilima, ukungu umejaa, torche imewaka. Nikajiachia. Nilipofika katikati ya mteremko nikasikia nyimbo, nikadhani ni msiba, nikataka kupunguza mwendo kwa heshima. Nikabana breki. Breki ikalia kama haijawahi kulia.

Nyimbo zikakatika.

"Kwa jina la Yesu!" shemasi akapaza sauti kutoka ndani ya ukungu.

Nami, niliyelelewa kanisani, nikajibu kabla sijafikiri: "Amina!"

Velo ikaniingiza katikati yao, torche ikawamulika, na sijawahi kuona watu wa maombi wakitawanyika vile. Wengine waliruka mtaro, wengine walikumbatiana. Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akiteremsha viazi kuelekea Sake kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Alikuwa amesimama kidogo kusikiliza nyimbo. Shemasi alirukia juu ya magunia, chukudu ikaondoka, mwenye chukudu akikimbia nyuma akilia, "Papa, breki! Kanyaga breki!" Wakamezwa na ukungu. Sauti ile nzuri tuliisikia muda mrefu.

Velo yangu ilisimama yenyewe kwenye matope. Mbele yangu alibaki mtu mmoja, amejifunika shali, hajasogea hata hatua.

"Shuka," mama mkwe akasema. "Funga hiyo taa, watarudi."

Nilizima torche. Nilingoja matusi.

"Mama, ulijua?"

"Hiyo breki niliisikia kila jioni wakati mutoto wangu alikuwa anatoka kwenu. Nilikuwa nalala nayo masikioni. Nishindwe kuijua leo?"

"Sasa kwa nini haukusema?"

Alitazama huku na huku, kisha akanisogelea. Kumbe kwa muda mrefu kulikuwa na watu waliokatiza malisho yetu alfajiri kwenda sokoni, na wakipita walikuwa wakikamua ng'ombe wetu, kidogo huyu, kidogo yule, ndani ya chupa. Alikuwa ameweka miiba, wakairuka. Aliweka mbwa, wakamzoea. Tangu muzimu utokee, hakuna aliyepita.

"Ng'ombe wametulia," alisema. "Maziwa imeongezeka. Weye haukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni majani mapya.

Alishika ile shitingi kwa vidole viwili, akaikagua kama anayechagua kitenge. "Hii imechafuka," akasema. "Muzimu mwenye matope, nani atamwogopa? Uifue."

Shemasi alirudi mchana, kwa miguu, mzima. Jumapili alitoa ushuhuda. Alisema alipambana na pepo ana kwa ana, na pepo lenyewe, likishindwa na jina la Bwana, lilikiri kwa kusema Amina. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mimi niliuma kitambaa changu. Mama mkwe alisimama, akainua mikono, akaanzisha wimbo wa shukrani kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na mabega yake yakitikisika watu walidhani analia.

Mvua zilipokuwa zinaisha nilirudi kwa muuguzi. Alipampu mara moja tu, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia velo. Akaandika kitu, akaniomba nimweleze hiyo dawa yule mama anayengoja nje, maana naye damu yake haitembei.

Nje, kwenye benchi, alikuwa mke wa shemasi. Aliangalia kushoto na kulia.

"Dada," alinong'ona, "ile siku ya chukudu nilikuwa kwa mutaro. Niliona bote zako." Nikaangalia miguu yangu. "Utanifundisha lini?"

Sasa anakuja malishoni kwetu asubuhi. Mama mkwe ndiye anayeshika kiti, maana anasema mume wangu anaachia mapema mno. "Pedali, mama! Pedali!" anapiga kelele, anakimbia nyuma ameinua kikwembe, na mwanafunzi wetu akianguka yeye anakaa chini kwenye majani acheke kwanza ndipo amwinue.

Wiki iliyopita shemasi alipita kwenye uzio, akamwona mkewe akienda peke yake kutoka mti hadi mti. Alisimama. Sote tukangoja mahubiri. Alivua kofia, akajikuna, akauliza kama velo ya namna hii inaweza kubeba mtu mmoja zaidi nyuma, mtu wa kilo nyingi kidogo.

"Inaweza," mama mkwe akamjibu. "Kama atashuka kwa mipando."