Kidole Gumba cha Hobart

Hobart Stidham alikata tumbaku tangu utotoni, akaendesha lori la magogo mpaka mgongo ukakataa, na alipomzika mkewe alibaki na nyumba juu ya kilima, binti mmoja, na visu. Visu vya kukunja, vya kutia mfukoni. Alivihifadhi kwenye maboksi ya sigara, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kipande cha flana chenye mafuta, na kila Jumatatu alichagua kimoja cha kutembea nacho wiki nzima. Vingi hakuvinunua. Alivipata kwa kubadilishana, nyuma ya duka langu.

Mimi nauza chakula cha mifugo hapa njia panda ya Lick Fork. Nyuma ya duka kuna banda la nyasi kavu, na kila Jumamosi wanaume wa milima hii hukaa pale juu ya magunia na visu vyao. Mwenzako anakupa kisu, unakipima uzito kiganjani. Unakifungua, unakiinua kwenye mwanga uone kama springi imekaa sawa na kama ubapa hauyumbi, halafu unakifunga na kusikiliza. Kisu kizima hujifunga kwa mlio mmoja mkavu, ta! Kilichochoka hufunga kama mtu anayemeza mate. Hobart alikuwa na sikio la mlio huo. Kulikuwa na watu waliokuja tu ili awafungie visu vyao, wamtazame uso.

Ugonjwa wa baridi yabisi ulimwanzia kidole gumba cha kulia. Kisu cha kukunja hakifunguki bila kidole hicho: unatia ukucha kwenye mfuo mdogo ulio kwenye ubapa, unavuta, na springi inakuvuta upande wake. Mwaka wa kwanza alivuta kwa maumivu. Mwaka wa pili kiungo kilivimba kama kitunguu, ukucha ukawa unateleza. Hakumwambia mtu. Ukimpa kisu alikigeuzageuza, akapuliza vumbi kwenye mpini, akakurudishia.

"Nishakiona," alisema.

"Umekiona wapi na hujakifungua?" Clell Napier alimuuliza siku moja. Clell na Hobart walipanda lori moja miaka mingi, na hawakuwahi kusemezana kwa upole. "Jamani, mzee siku hizi anachagua kisu kama anayeposa kwa picha!"

Watu wakacheka. Hobart naye akacheka kidogo, akaweka mkono mfukoni.

"Wewe ulimposa wako ana kwa ana," alijibu, "na angalia alichokipata."

Basi wakacheka zaidi, na mambo yakapita. Lakini nilimwona akirudi kwenye pikapu yake. Alikaa muda mrefu bila kuwasha injini, ameegemeza kichwa kwenye usukani.

Mwezi wa tisa, msimu wa tumbaku, alikuja na kisu chake cha mpini wa manjano. Kila mtu alikijua. Kilikuwa na bapa tatu na springi ngumu kuliko visu vyote vya kaunti hii, na alikuwa amekataa kukitoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku hiyo alikiweka juu ya gunia mwenyewe.

"Nani anakitaka?"

Clell akatoa chake, kikubwa, mpini wa pembe ya paa, kizuri kwa kukitazama. "Hiki hapa. Kifungue, ukague."

Hobart alikichukua. Alikaa nacho. Alipitisha kidole cha shahada kwenye pembe, akakitia mfukoni. "Haya, tubadilishane. Nimechoka kukaa na hicho cha manjano."

Clell alikiokota kile cha manjano polepole, macho yake kwenye mfuko wa Hobart.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Arveta, binti yake. Arveta anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu ya usiku, na siku hizo alikuwa akirudi asubuhi miguu imejaa, hata viatu anashindwa kuvua. Alimkuta baba yake mezani, maharage ya jana hayajaguswa, kisu cha pembe kiko mbele yake pamoja na koleo la kung'olea misumari. Koleo! Mtu aliyekuwa akigomba ukishika kisu chake kwa vidole vyenye jasho.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakitazama tu."

Arveta alikichukua, akakifungua kwa ukucha mmoja. Kilifunguka kirahisi mno. Ubapa mkubwa uliyumba kama jino bovu, na ncha ilikuwa imewahi kuvunjika, mtu akaisugua upya kwenye jiwe mpaka ubapa ukabaki mfupi, haufiki hata mwisho wa mpini.

"Hiki kimekufa, Baba. Ulikikubali vipi?"

"Sikukifungua."

"Kwa nini?"

Hobart aliweka mkono juu ya meza, kidole gumba kikiangalia upande. Ndiyo mara ya kwanza Arveta kukitazama sawasawa. Usiku kucha anawavisha soksi wazee wa watu wengine, na wake mwenyewe hakumwona.

"Vyote vile kwenye maboksi," Hobart alisema, "kuna viwili tu ninavyoweza kufungua. Na hivyo viwili ni vibovu."

Arveta alinieleza kwamba alitaka kulia ila alikuwa amechoka hata kwa hilo. Alikalia kiti cha pili, wakala maharage yale baridi pamoja.

Jumamosi iliyofuata Hobart alifika mapema. Alikuwa na boksi moja la sigara chini ya kwapa. Alingoja mpaka watu wamejaa bandani, kisha akaweka kile cha pembe juu ya gunia mbele ya Clell.

"Kibovu," alisema.

Clell akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilidhani utakifungua! Haki ya Mungu, Hobart, nilikuwa nangoja ukifungue unitukane. Ulipokitia mfukoni nikaishiwa maneno." Akatoa kile cha manjano haraka. "Chukua chako. Chukua, bwana, nimelala nacho kama mwizi."

"Kaa nacho. Hukuniibia. Na hicho nacho siwezi kukifungua."

Akainua mkono wake waone wote. Hakuna aliyefanya mzaha. Mmoja alivua kofia, akaona haina maana, akaivaa tena.

"Leo nataka kisu ninachoweza kufungua," Hobart alisema. "Potelea mbali, kiwe kizuri au kibaya. Toeni vyote."

Wakatoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na debe la mahindi mkononi, nikasahau kwamba kuna mteja dukani. Kimoja kimoja Hobart alivishika, akatia ukucha, akavuta. Ukucha uliteleza. Akaweka chini, akachukua kingine. Vya mpini wa mfupa, vya mbao, vya bapa mbili, kile cha kuhasia nguruwe. Jasho lilimtoka shingoni na asubuhi ilikuwa ya baridi. Clell alikuwa akivuta pamoja naye kwa mabega, kama mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa.

"Pumzika kidogo, mzee."

"Nikipumzika sitaanza tena."

Mwishoni Dorsey, fundi wa uzio, mtu asiye na maneno, alichomoa kisu chake cha kazi. Kilikuwa kichafu, mpini wa mbao uliopasuka, ubapa umeshika madoa meusi. Lakini kwenye mpini palikatwa pengo la nusu mwezi, ubapa ukabaki wazi katikati, ili fundi aliyevaa glavu aushike kwa vidole viwili na kuuvuta bila ukucha.

Hobart aliubana kwa kidole cha shahada na pembeni ya kile gumba. Ukatoka. Akaufunga. Mlio haukuwa mbaya.

"Kinakwaruza," alisema.

"Kina mchanga," Dorsey alisema.

Hobart akasukuma boksi la sigara kwake. "Chagua humo."

Dorsey alichagua cha mpini wa mfupa, kile ambacho sisi wote tungechagua. Clell akaguna, "Umelaliwa, Hobart, umelaliwa mchana kweupe!"

"Nyamaza, we mposaji," Hobart akamjibu.

Sitasema aliondoka na furaha. Aliondoka taratibu, akiwa amebeba boksi lake kwa mikono miwili, na Clell akamfungulia mlango wa pikapu bila mzaha wowote. Alikuja Jumamosi chache tena, kisha baridi ya milimani ikamfungia ndani. Tangu hapo Clell ndiye anayepanda kule juu kwake. Arveta ananiambia huwakuta asubuhi wamekaa jikoni, maboksi yamefunuliwa mezani. Clell anafungua visu kimoja baada ya kingine na kuvifunga, naye Hobart amefumba macho, anasikiliza. Mara nyingine anasema, "Hicho, tena." Mara nyingine amelala, na Clell anaendelea tu.