Triko ya Kambo na Kipimo cha Wavu

Juzi nilishuka Nchelenge, nilikokulia, kwenye basi dogo la kutoka Mansa, baridi ya Juni imeshatua, upepo wa ziwa unauma mpaka kwenye meno. Mama mmoja muuza samaki akanikodolea macho, kisha akapiga kelele: "Owe! Ni ule mutoto ya triko!" Akacheka huku ameshika mbavu. Jina langu hakulikumbuka, lakini nguo aliikumbuka! Nami nikacheka naye palepale, maana ndiye mimi kweli. Kaa basi nikueleze.

Triko ndilo jina la sweta kwetu sisi tuliovuka kutoka Kongo. Nilikuwa na miaka tisa, nimechaguliwa kuimba ubeti mmoja peke yangu mbele ya kanisa zima siku ya Pentekoste. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyoutaka ubeti ule. Lakini mwalimu wa kwaya, mwanamke asiye na mchezo, alitoa sharti: waimbaji wa mbele wavae triko za bluu za vifungo, zilizokaa vizuri mwilini. Atakayekuja hovyo ataimba nyuma, na ubeti wake atapewa mwingine.

Akagawa karatasi ya maelezo ya kufuma. Kambo, yaani bibi yangu aliyenilea, hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Karatasi ilisema vitanzi themanini mgongoni. Kambo akaanza na mia na ishirini.

"Kambo, themanini!"

"Karatasi haikujue wewe. Mutoto iko nakuwa mukubwa kila siku, triko hapana."

Alikuwa na sababu nyingine pia. Baba yake alifuma nyavu ng'ambo ya ziwa, enzi za uzi wa pamba, na alimfundisha kwamba wavu mpya lazima uzidi kipimo, kwa sababu ukilowa unasinyaa. "Maji inakulaka uzi," kambo alikuwa akisema, yaani maji huula uzi ukapungua, sindano zikigongana ta-ta-ta, mimi nikimenya mihogo pembeni na chisense, vile visamaki vyetu vidogo, vikikauka juani. Jioni tulikula bukari, yaani ugali, tukanawa, akashika tena sindano.

Jumatano kabla ya Pentekoste akaichovya triko ziwani, akaianika kwenye chanja ya samaki, tukangoja maji yaule uzi. Wapi! Uzi wa dukani haukuwa pamba. Badala ya kusinyaa ulijinyoosha, na jioni triko ilinifika magotini, mikono ikining'inia shubiri nzima kupita vidole, nami nikinuka samaki kuanzia shingoni. Jirani yetu, mama wa Kibemba, akachungulia uani. "Mawe, mama wee! Umevalisha mutoto hema?"

Nililia, rafiki yangu. Nililia kwa sauti, maana niliuona ubeti wangu unakwenda. Kufumua na kuanza upya kwa siku tatu haikuwezekana. Kambo alisimama ameshika kiuno, akaitazama kazi yake, kisha naye akaangua kicheko. "Bon. Maji imenishinda. Tutaifunga kama wavu."

Wavu, kama hujui, huwa mrefu kuliko kamba inayoubeba. Mfumaji huukusanya kidogo kidogo kwenye kamba ile mpaka ukae sawa. Basi kambo akapitisha kamba nyembamba kwa ndani, mabegani, ubavuni na kwenye viwiko, akavuta, akapiga mafundo yasiyoonekana. "Simama. Geuka. Inua mikono." Jirani, aliyekuja kucheka, ndiye aliyeshika taa na kuelekeza wapi pavutwe zaidi.

Jumapili mwalimu wa kwaya alinizunguka mara mbili, akanivuta bega, akatafuta kosa akalikosa. "Pita mbele," akasema. Niliimba! Kambo alipiga vigelegele kabla sijamaliza, na jirani akatoka kwenye benchi akicheza. Furaha ile bado naisikia kifuani.

Tangu hapo, kila msimu wa baridi kambo alifungua fundo moja au mawili, na triko ikakua nami. Watoto wenzangu walivaa za wakubwa zao. Mimi nilivaa yangu ileile, mpya kila mwaka. Siku hizi watu wananunua za salaula, yaani mitumba, wamevaa msimu mmoja wametupa. Nyavu za pamba hazipo tena. Majirani wengi walirudi ng'ambo.

Nilipofika miaka kumi na sita, kambo alifungua fundo la mwisho. Akaivuta kamba yote, akaizungusha kidoleni, akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Sasa imekuenea. Kazi yangu imeisha." Nikaruka kwa furaha, nikakimbia kwenda kujionyesha kwa jirani, wala sikugeuka nyuma kumtazama. Msimu wa baridi uliofuata hakuuona. Leo ningetoa chochote triko ile iwe bado inanipwaya.